Wasomaji Wanauliza: Chuo cha Wananchi na Wanaorudi Darasani

Tulipochapa habari fupi ya mahafali ya chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi, vile vyuo vya serikali vya kuwafundisha vijana na watu wazima, hatukutarajia barua nyingi kiasi hiki. Toleo hili tumeliacha kwa barua hizo peke yake. Baadhi tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa kuwa wengi wao wanazungumzia mambo ya nyumbani.

Ndugu Mhariri, binti yangu aliacha shule mwaka jana akiwa kidato cha pili, baada ya kupata ujauzito. Mtoto sasa ana miezi minane. Shemeji yangu anasema siku hizi vyuo vya wananchi vinampokea mama pamoja na mtoto wake, na kwamba mtu hutoka pale akiwa amefanya mtihani wa kidato cha nne. Mimi ninavyovijua ni vyuo vya kushona na kufuga kuku. Nani kati yetu anasema kweli? (Baba wa watoto watano, Sengerema)

Mzee wangu, nyote wawili mnasema kweli, ila shemeji yako amepata habari za karibuni zaidi. Cherehani bado zipo, na kuku pia wapo. Kilichoongezeka ni mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa katika vyuo hivi na shirika la Karibu Tanzania Organization, ambalo watu hulitaja kwa kifupi KTO, likishirikiana na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia kwa ufadhili wa Mastercard Foundation. Umewalenga wasichana na wanawake vijana waliokatiza masomo ya sekondari, wakiwemo waliojifungua, na unawapa vitu viwili kwa wakati mmoja: masomo ya sekondari kwa njia ya mkato na fani ya ufundi ya kuanzia maisha.

Njia hiyo ya mkato inapita kwenye Mtihani wa Maarifa, ambao wengi tunauita QT, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa wale ambao hawakupitia mfumo wa kawaida hadi mwisho. Anayefaulu hapo hujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti anachopata kinatolewa na Baraza lile lile, kwa hiyo hakuna mwajiri wala chuo kitakachomwambia binti yako kwamba amesoma sekondari ya pembeni.

Kuhusu mtoto, naomba nikusimulie nilichokiona, maana hata mimi nilikwenda nikiwa na shaka. Mwaka jana nilishinda kutwa katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Ilipofika saa nne kasorobo mtu aligonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na wasichana wakatoka madarasani wakikimbia, wengine na tepu za kupimia shingoni, wengine na daftari za hisabati kwapani, wote wakielekea chumba kimoja cha mwisho wa uwanja. Mlangoni kulikuwa na kandambili zimepangwa, za watu wazima na vile viatu vidogo vya plastiki vinavyolia mtoto akitembea. Ndani kulikuwa na mikeka na chandarua kilichofungwa juu, pamoja na mama mmoja wa makamo ambaye kazi yake ni kuwalea watoto hao kuanzia asubuhi hadi vipindi vinapokwisha. Nilimwona msichana mmoja akimnyonyesha mwanawe huku mwenzake amemshikia daftari wazi juu ya goti, na wote wawili wanabishana kuhusu mlinganyo ambao mwalimu alikuwa ameuacha ubaoni. Rimu ikagongwa tena. Watoto wawili walilia, mmoja akalala, na uwanja ukawa kimya.

Ninalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ninaamini chumba kile ndicho kilichobadilisha mambo kuliko jengo lolote lililozinduliwa. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiwaambia wasichana wa aina ya binti yako kwamba wanaweza kurudi kusoma nje ya shule za kawaida, na hakuna aliyejisumbua kuuliza mtoto angebaki na nani. Bibi akiwa shambani na dada zake wakiwa shule, ruhusa ya kurudi inabaki maneno matupu.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikuuliza, nami nisingependa ulikose. Tarehe 24 Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurejea katika shule za kawaida, jambo ambalo awali lilikuwa limekatazwa, na mwaka 2022 ukatolewa mwongozo unaowapa muda wa miaka miwili tangu walipoacha shule. Kwa hesabu ya barua yako, binti yako bado yumo ndani ya muda huo. Mkalishe chini umwulize anataka nini: kurudi kwenye sare na shule yake, au kwenda chuoni kwenye wenzake wenye watoto na fani ya mkono. Yote mawili yana uzito wake, na mimi nikiwa mbali siwezi kumchagulia. Mkiamua chuo, nendeni wenyewe hadi Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Sengerema mkamwone mkuu wa chuo kabla ya muhula kuanza, muulize nafasi za mpango zilizopo, gharama zinazobebwa na mpango na zile mtakazobeba ninyi, na kama chumba cha watoto kinapokea mtoto wa umri wa mjukuu wako.

Mheshimiwa Mhariri, mwaka 1979 nilihudhuria kozi ya uongozi wa kijiji katika chuo cha wananchi. Tulifundishwa kutunza hesabu za duka la ushirika, tukaimba, tukalima bustani. Leo nasoma kwamba vyuo hivyo hivyo vinatoa mafundi umeme. Je, ni vile vile, au jina tu ndilo limebaki? (Mstaafu, Morogoro)

Mzee, barua yako imenipa raha, na nitaijibu kwa urefu kidogo kuliko inavyostahili.

Ni vile vile. Vilianzishwa kuanzia mwaka 1975, wakati nchi ikiwa bado na joto la kisomo. Utakumbuka kwamba 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwamba 1973 vijiji vizima vilikaa kuizunguka redio kusikiliza kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima kwa mamilioni walikuwa wamejua kusoma, na swali likawa wakasome nini tena. Mwalimu Nyerere alivutiwa na shule za watu wazima za nchi za Skandinavia, zilizoanzia Rødding nchini Denmark mwaka 1844 kutokana na mawazo ya mchungaji N. F. S. Grundtvig, na Sweden ikasaidia kuanzisha mfano wa namna hiyo hapa kwetu. Baadhi ya vyuo viliwekwa katika vituo vya mafunzo ya wakulima vilivyokuwepo tayari, ndiyo maana utakuta chuo kina mashamba makubwa na madarasa machache.

Zile shule za kaskazini mwa Ulaya zilikuwa na desturi moja iliyowafurahisha wengi: mtu mzima husoma kwa ajili ya maisha, bila mtihani wala cheti. Nadhani hiyo ndiyo ladha uliyoionja mwaka 1979. Ladha hiyo ilianza kutushinda pale kijana alipotoka chuoni akiwa fundi mzuri wa useremala lakini akakosa karatasi ya kumwonyesha mwenye kampuni. Miaka ikapita, bajeti zikawa finyu, mapaa yakaanza kuvuja, na vyuo vingi vikabaki na watu wachache kuliko vitanda vilivyokuwepo. Sisemi kwamba roho ya zamani ilikuwa na kosa. Nasema tu kwamba ililishwa vibaya.

Mabadiliko uliyoyasoma yamekuja kwa hatua. Vyuo viliingizwa katika utaratibu wa mafunzo ya ufundi stadi, ili mwanafunzi wa kozi ndefu afanye mitihani ileile anayofanya mwenzake wa VETA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Baadaye vikahamishwa kutoka wizara iliyokuwa ikishughulikia maendeleo ya jamii kwenda Wizara ya Elimu. Leo vyuo vya serikali ni 54, kuanzia Gera kule Missenyi hadi Nandembo kule Tunduru, na vimekuwa vikikarabatiwa kwa awamu, kwa sehemu kubwa kupitia mradi wa stadi za kazi wa ESPJ uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia. Kozi fupi, kama ile yako ya uongozi, zinaruhusiwa hadi leo, na ukipita chuoni wakati wa kozi ya wiki mbili ya ufugaji wa nyuki au usindikaji wa matunda utakuta wazee wa umri wako kwenye madawati. Hata nyimbo zipo. Na wasichana nao wanacheza mpira wa miguu, jambo ambalo sidhani kama ninyi mliliona mwaka ule.

Mimi ni fundi bomba kwa miaka kumi na minne, nilifundishwa na mjomba wangu. Kila zabuni wanataka cheti. Nikajiunge na chuo cha wananchi miaka miwili? (Fundi, Dar es Salaam)

Hapana, ndugu yangu, usianze upya kujifunza kazi unayoifahamu. Upo utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. VETA humpima fundi kwa vitendo na kwa mahojiano, humpa mafunzo mafupi pale alipopungukiwa, kisha humpa cheti kulingana na uwezo wake. Nenda ofisi ya VETA ya kanda ukaulize awamu inayofuata ya upimaji wa fani yako, nawe ubebe picha za kazi ulizofanya na namba za wateja wawili watatu wanaoweza kukushuhudia.

Kijana wangu amepata daraja sifuri kidato cha nne. Baba yake hataki hata kusikia habari za chuo cha wananchi, anasema ni kituo cha waliofeli. Nimwambie nini? (Mama, Kondoa)

Mama, kabla hujamwambia chochote baba, mwulize kijana anapenda kufanya nini kwa mikono yake. Akikujibu kwa haraka, umeshapata nusu ya jibu.

Kwa baba, mkumbushe kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma mwaka 2025, imeweka mkondo wa amali, yaani wa kazi za ufundi, ndani ya sekondari yenyewe, bega kwa bega na mkondo wa jumla. Mtoto wa jirani yenu anayeanza kidato cha kwanza anaweza kusoma uashi au umeme na wala asiitwe aliyefeli. Sasa kwa nini kaka yake aliyemtangulia aitwe hivyo kwa kujifunza jambo hilo hilo chuoni? Hapo Kondoa mnacho chuo cha Munguri. Mwombe baba aende siku ya kawaida, siyo siku ya sherehe, asimame kwenye karakana dakika kumi tu. Na kama kijana bado ana hamu ya kurudia masomo, ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akijifunza fani, mradi asijitwishe masomo mengi kuliko anayoweza kubeba.

Mhariri, mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja cha wananchi. Mwaka huu tumepata bweni jipya, tumepigwa picha, tumeandikwa kwenye magazeti. Lakini karakana yangu ina mashine moja ya kuchomelea kwa wanafunzi ishirini na sita, na umeme ukiwa mdogo haiwaki. Kwa nini ninyi waandishi mnapenda kuandika mafanikio tu? (Mkufunzi, jina tunalo)

Mwalimu, lawama yako nimeipokea, na sehemu kubwa ni ya haki. Habari ya bweni huandikika kwa urahisi: lina ukubwa, lina gharama, lina kiongozi wa kukata utepe. Mashine yako moja haina siku ya kuzinduliwa. Nilipoisoma barua yako nilifanya hesabu ambayo nadhani wewe umeshaifanya mara nyingi: kipindi cha vitendo cha saa tatu, wanafunzi ishirini na sita, kila mmoja anapata chini ya dakika saba za kushika mkono wa mashine, na hapo umeme uwe umekubali. Hakuna anayejua kuchomelea kwa dakika saba.

Hata hivyo sikubali kwamba mafanikio yasiandikwe. Yule baba wa Sengerema asingejua kwamba kuna chumba cha watoto kama hatungeandika. Ninachokubali ni kwamba tuliandika kuhusu mahafali tukasahau kuuliza maswali mawili ambayo mkufunzi yeyote angeyauliza: ni wangapi walianza masomo pamoja na hao waliovaa majoho, na ni wangapi wanafanya kazi waliyosomea baada ya mwaka mmoja. Tumewaandikia wakuu wa vyuo vitatu kuomba majibu ya maswali hayo, pamoja na idadi ya mashine zinazofanya kazi katika kila karakana. Mmoja ameshajibu, kwa mwandiko wake mwenyewe, kurasa nne. Cherehani anazo thelathini na moja, na kumi na mbili kati ya hizo zinasubiri sindano na mikanda.