Je, mwanamke hupata nusu ya mwanamume daima katika mirathi ya Kiislamu?
Hapana. Mbili kwa moja ni hasa pale binti anaporithi pamoja na kaka yake, na kwa mume na mke. Ndugu wa mama mmoja tu, baba tofauti, hugawana sawa, wake kwa waume. Mwanamke akifa akaacha mume, binti mmoja na kaka wa baba mmoja na mama mmoja: mume robo, binti nusu, kaka robo iliyobaki. Mjane ana thumni (sehemu moja ya nane) marehemu akiwa na watoto, asipokuwa nao robo. Wake wawili hugawana fungu hilohilo.

Ila dhuluma nyingi hutokea kabla ya hesabu. Mahari yasiyolipwa ni deni: baada ya gharama za mazishi mjane hulipwa kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mafungu. Familia nyingi huliruka hilo.