Ukishusha pikapu ya zamani, koili za nyuma ndiyo kazi nyepesi

Chevrolet C10 yangu ni ya 1969. Nilipoinunua hapa Texas ilikuwa imebinua mkia, kwa kuwa pikapu za enzi zile ziliundwa zikae sawa zikishapakiwa mzigo. Mimi sibebi mzigo mzito, kwa hiyo niliamua kuishusha, yaani kupunguza kimo chake, inchi 4 nyuma na 2 mbele.

Wengi wetu tumezoea pikapu zenye springi za bapa nyuma. C10 za kuanzia 1960 hadi 1972 nyingi zina koili, yaani springi za mviringo. Ekseli imefungwa kwenye mikono miwili mirefu ya chuma inayoanzia katikati ya chesisi, na koili moja imekalia kila mkono. Ni muundo mzuri sana, hata magari ya mbio ya NASCAR yaliuchukua.

Jioni ya kuamkia kazi nilizipulizia boliti zote dawa ya kutu. Asubuhi nikazuia magurudumu ya mbele, nikaweka stendi chini ya chesisi na jeki chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Stendi zisikae chini ya ekseli, maana ekseli ndiyo inayotakiwa kushuka. Nikafungua shokapu upande wa chini, kisha boliti zinazoshika koili juu na chini, nikaanza kulegeza jeki taratibu.

Hapo macho yawe kwenye mpira wa breki. Ni mmoja tu, unatoka kwenye chesisi kwenda kwenye difu. Niliuona ukinyooka hadi ukaanza kukonda pale unapoungana na paipu, nikasimamisha jeki papo hapo na kufungua kishikizo chake kwanza. Baada ya hapo koili zilitoka kwa mkono. Tafadhali, usijaribu hivyo mbele: koili za kule zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu.

Na fundi akikuambia atazikata za zamani kwa gesi, kataa. Moto unaua ugumu wa chuma, koili inalala upande au inavunjika. Nunua zilizotengenezwa fupi.

Saa sita mchana nilikuwa nimemaliza, nikaingia barabarani kwa furaha. Kona ya kwanza tu nikasikia tairi linakwaruza bodi. Nilikuwa nimesahau fito inayozuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia. Ncha yake moja imefungwa kwenye chesisi, nyingine kwenye ekseli, kwa hiyo chesisi ikishuka fito inabadili pembe na kuisukuma ekseli yote upande mmoja. Nilipopima, tairi moja lilikuwa karibu na bodi kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita 1. Nililazimika kununua fito ya kurekebishika, nikaizungusha gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, hadi pande zote zikalingana. Ninyi inunueni pamoja na koili. Shokapu fupi pia.

Boliti za bushi za ile mikono nazo zikazwe mwisho gari likiwa chini. Ukizikaza ekseli inaning'inia, mpira wa bushi unabaki umejipinda na utachanika mapema.

Kabla hujaagiza chochote, lala chini upime nafasi iliyopo kati ya ekseli na chesisi. Ukishusha zaidi ya inchi 4, mara nyingi itabidi chesisi ichongwe na kuimarishwa pale juu ya ekseli. Kazi hiyo mpe mchomeleaji unayemwamini.