Insulini imefika barafu imeshayeyuka, bado nzima?

SWALI: Habari mfamasia. Nilimwagizia mama kalamu tano za insulini kwenye famasi ya mtandaoni, bei ilikuwa nafuu sana nikaona nisiiache. Mzigo umekuja baada ya siku mbili, ile mifuko ya barafu imeshakuwa maji na maboksi mawili yamelowa maana yalikuwa yamelaliwa na barafu moja kwa moja. Tarehe ya kuisha muda bado mbali. Nimeziweka friji zote. Atumie au nitupe? Na nitajuaje hawa watu ni famasi kweli?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwanza mama asiruke dozi kwa ajili ya hili, kama ana kalamu ya zamani inayofaa aendelee nayo, kama hana nenda famasi ya karibu ukachukue moja leo leo, haya mengine yanaweza kusubiri.

Sasa, watu wakiona barafu imeyeyuka ndo wanachanganyikiwa, mi hilo peke yake halinitishi. Kalamu ambayo haijaanza kutumika inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, sawa, lakini insulini nyingi zinavumilia joto la kawaida la ndani, lisizidi 30, kwa kama siku 28 hivi (zinatofautiana, soma karatasi iliyomo kwenye boksi). Ila ukiirudisha friji hizo siku haziwi zimefutika, usije ukaanza kufuata tena tarehe ya kwenye boksi kana kwamba haikutoka.

Kilichonishtua mimi ni yale mawili yaliyolowa. Barafu ikitoka friza iko chini ya sifuri, ikilalia boksi bila hata kipande cha karatasi katikati insulini inaweza kuganda, na ikishaganda basi, hata ikirudi kuwa maji haitumiki tena. Wakati mwingine utaona chembechembe au vibonge, wakati mwingine huoni kitu kabisa, inang'aa kama kawaida, mtu anajichoma vizuri tu alafu sukari inapanda na hajui kwa nini. Kwa hiyo hizo mbili asitumie, hapo sina mjadala.

Nikupe mfano. Sisi tukipokea mzigo wa friji, kabla sijasaini natoa kwanza kale kadude ka kurekodi joto, kadogo kama flashi, unakachomeka kwenye kompyuta kanakutolea grafu ya safari nzima. Kuna mzigo niliukataa barafu ikiwa bado ngumu kama jiwe, dereva ananishangaa, nikamwonyesha grafu, usiku njiani joto limeshuka mpaka -3. Ile barafu ngumu aliyokuwa anajivunia ndo iliyoharibu dawa.

Hizo tatu zilizobaki hatujui zilipita wapi, huenda zilishinda ndani ya gari kwenye jua, na jibu analo muuzaji. Mwandikie leo, mpe namba ya toleo (ile iliyo karibu na tarehe ya kuisha), muulize mzigo ulikuwa na kirekodi joto au la, na walizifungaje. Famasi yenye mfamasia itakujibu kwa maelezo na kukubadilishia. Akikujibu "usijali dada ziko fresh", au akanyamaza, nazo mama asizitumie.

Kuhusu kuwajua, hujasema kama walikuomba cheti cha daktari. Kama hawakuomba ushapata nusu ya jibu lako. Nusu nyingine ni leseni, na usiitafute kwenye tovuti yao, nenda kwenye tovuti ya mamlaka inayosimamia famasi nchini kwao uangalie jina kwenye orodha. Nembo yoyote mtu anaibandika tu, ni picha. Nchi za Umoja wa Ulaya kuanzia 2015 zina nembo moja, mistari ya kijani yenye msalaba mweupe, lakini kazi yake iko kwenye kubofya: lazima ikupeleke kwenye rejista ya serikali na hiyo famasi uikute humo. Ukibofya ikabaki palepale, funga ukurasa.

Na bei nafuu sana kwa kalamu za sindano mimi naiogopa kuliko barafu. 2023 kule Austria watu walilazwa sukari imeshuka vibaya baada ya kujichoma walichodhani ni Ozempic (sindano ya kisukari ambayo wengi huitumia kupunguza uzito), ikashukiwa kwamba ndani ya kalamu ilikuwa insulini. Kwa hiyo kagua hata maandishi, lebo ya kalamu na boksi lazima zifanane namba ya toleo na tarehe, zikipishana hata herufi moja hiyo sio ya kutumia, ripoti kwa mamlaka ya dawa. Maboksi usitupe hata yale yaliyolowa, watayahitaji.