Muulize Mkunga: Nikiwa na mawazo nakula, tena nakula zege

Shikamoo Bibi Mkunga. Mimi ni mama kijacho, mimba ya kwanza, sasa ina miezi saba. Kazi yangu ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na maandazi mawili, mchana wateja hawaniachi, kibanda nafunga saa mbili usiku. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njia ya Tunduma na simu haipatikani. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikifika nyumbani mawazo yananijaa. Naagiza zege, yaani chipsi mayai, nalimaliza macho yako kwenye simu, hata ladha siikumbuki, kisha najilaumu. Na udongo nakula kila siku. Rafiki kanitumia video inayosema nizingatie pumzi na nile polepole, msongo utapungua. Mama mkwe anasema hiyo ni ibada ya watu. Nimsikilize nani? Halafu kichwa kinaniuma mara kwa mara.
Mama Kijacho, Tegeta

JIBU
Marahaba, mwanangu. Kilichonishtua zaidi kwenye barua yako ni huo mchana mtupu. Mjamzito anayeshinda na maandazi mawili tangu asubuhi, ikifika saa mbili usiku ana njaa ya haki, na hakuna pumzi itakayoiondoa. Kwa hiyo tuanze na kontena la chakula. Beba wali maharage na mchicha, au viazi vitamu na dagaa, chochote kilichobaki jana. Wateja wangoje dakika ishirini. Pesa zao hazitaoza. Saa kumi kula ndizi au karanga. Ukifanya hivyo siku chache, zege la usiku litapungua lenyewe, na kitakachobaki ndicho cha mawazo. Hicho ndicho tunachoweza kukifanyia zoezi.

Mama mkwe wako hajakosea sana. Asili ya mambo haya ya kuzingatia pumzi ni kwa Wabudha. Ila mtaalamu mmoja, Jon Kabat-Zinn, alipoyaingiza hospitalini huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, aliyafundisha kwa wagonjwa bila ibada yoyote, na mkunga mwenzangu wa huko, Nancy Bardacke, akaanza kuyafundisha kwa wajawazito mwaka 1998. Unakaa, unaifuata pumzi yako, basi. Ukimaliza, vuta uradi wako au sali sala yako, havigombani.

Kama yanasaidia? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafundisha wajawazito wa kipato kidogo kwa wiki nane. Kwenye kuongezeka uzito hawakupishana na wenzao wasiofundishwa, lakini msongo na huzuni vilipungua, na vipimo vya sukari vikawa vizuri zaidi. Basi video ikikuahidi kukonda, ipuuze. Mimba si wakati wa kujikondesha. Wala si wakati wa kula sahani mbili kwa kisingizio cha watu wawili: katika miezi hii ya mwisho nyongeza unayohitaji kwa siku haizidi sana bakuli la uji wa maziwa na ndizi mbili.

Fanya hivi. Ukifika nyumbani, kabla hujamwita kijana wa chipsi, kaa chini, egemea ukuta, mkono tumboni. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita. Usiibane. Rudia mara kumi hivi. Mawazo ya kodi yatakuja, hayana adabu. Yaache yapite, rudi kwenye hesabu. Kuna wanawake ambao kuhesabu pumzi huwatia wasiwasi zaidi. Kama ni wewe, acha pumzi, sikiliza mtoto anavyocheza. Hilo lina faida mbili, maana ukiona anacheza kidogo kuliko kawaida yake, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Halafu jiulize: hii ni njaa, au namwaza baba mtoto? Ikiwa njaa, kula. Ikiwa mawazo na bado unataka zege, kula vilevile, ila lipakue kwenye sahani, simu iache chumbani, na matonge matatu ya kwanza yatafune huku unasikia chumvi, yai, joto. Mengi huishia nusu sahani yenyewe. Lisipoishia, usijilaumu, maana kujilaumu ndiko kunakorudisha mkono jikoni kesho yake.

Udongo ni kesi nyingine, usiuchanganye na msongo. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, na wenyewe unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, mbali na mayai ya minyoo na risasi vinavyoweza kuwamo. Angalia kadi yako ya kliniki: damu ikiwa chini ya gramu 11, mwambie muuguzi habari ya udongo bila aibu, tunasikia kila wiki. Vidonge vya damu usivimeze na chai ya rangi. Meza na maji au juisi ya chungwa, chai iwe baada ya saa moja au mbili.

Kuhusu kodi, pumzi hailipi. Mumeo akipatikana, mtajie kiasi na tarehe, msikie mtaombaje kulipa kwa mafungu. Na ukijikuta wiki mbili mfululizo huna raha na kitu chochote, usingizi umekukimbia, au unafikiria kujidhuru, usiningoje mimi wa gazetini. Mwambie mkunga wako.

Kichwa nimekiacha mwisho kwa sababu ndicho kitakachokutoa nyumbani. Kwa mimba ya miezi saba siwezi kusema ni mawazo kabla presha haijapimwa. Usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Nenda kesho asubuhi, upimwe presha, mkojo na damu. Kikizidi, ukaona maruweruwe, au uso na mikono ikivimba, nenda hata kama ni usiku wa manane.