Daftari tupu la chekechea

Dada, umesema mwanao wa miaka 4 anarudi na vumbi magotini na daftari tupu, ilhali wa jirani anaandika mpaka 50. Unauliza umhamishe? Kwa hilo pekee, mimi nisingemhamisha.

Mifupa ya kiganja cha umri huo bado haijakomaa. Kufinyanga udongo, kutunga shanga na kufungua vifuniko ndiko kunakoimarisha vidole vitakavyoshika penseli. Na hesabu? Tazama mdako: anarusha kete, anachota mawe shimoni, anayarudisha yote isipokuwa moja, kisha mawili, kabla kete haijaanguka. Hapo kuna kuhesabu, kutoa, jicho na mkono kwenda pamoja, na kuvumilia zamu ya mwenzake. Huyo wa jirani mwambie akuletee visoda 7. Wengi wanaoimba mpaka 50 hukwama hapo. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wa 2016 wenyewe ulisisitiza kujifunza kwa michezo, ingawa sisi wazazi ndio tunaodai madaftari.

Ila kucheza si kutelekezwa. Omba ukae darasani asubuhi moja. Mwalimu anauliza maswali watoto wakipikapika, au yuko kwenye simu? Kuna hadithi, vijiti, mchanga? Wako wangapi? Kiwango kilichowekwa kwa awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Ukikuta 70 wameachiwa uwanja, hapo tafuta shule nyingine.