Dada uliyeambiwa imani yako ni ndogo, omba hivyo hivyo ukiwa unaogopa

Dada yangu pole sana, pole kweli kweli. Umesema mume ameondoka nyumbani tangu kazi iishe, kijana wako mkubwa ameingia kwenye ulevi na siku nyingine halali nyumbani, umeomba mpaka machozi yamekauka na kwenye kikundi chenu cha maombi wanakwambia Mungu yuko kimya kwa sababu imani yako ni ndogo. Nimeshindwa kupita bila kuandika manake hilo la imani ndogo hata mimi niliambiwa, tena na mtu ninayemheshimu, wakati nyumba yetu inawaka moto.

Kwetu ilikua hivi. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukakataa na maneno yakapotea, na sisi watoto badala ya kushikana tukaanza kuvutana, nani akae naye, nani atoe hela, nani hajatoa, kaka mkubwa akatoka kwenye grupu la familia akawa hapokei simu ya mtu yeyote, ikafika mahali hata watoto wetu wakikutana hawajui wasalimiane au wapitane. Unatoka wodini umechoka, unafungua simu unakuta ujumbe wa sauti mtu anakutukana mwanzo mwisho. Usiku usingizi hamna. Nikipiga magoti naanza na yale maneno makubwa makubwa ya ibadani, Mungu wa mbingu na nchi, Alfa na Omega, nikifika kwenye jambo lenyewe nakwama.

Kilichonifungua mdomo ni habari ya Yakobo, Mwanzo 32. Watu tunapenda sana kuhubiri ile ya kushindana mweleka usiku kucha, ila kabla yake kuna maombi mafupi ambayo tunayaruka. Yakobo anarudi kwao, anaambiwa ndugu yako Esau anakuja kukulaki na watu 400, na huyo ni Esau yule yule aliyesema moyoni mwake atamuua. Biblia inasema wazi akaogopa sana, na kwenye maombi yenyewe anamwambia Mungu niokoe na mkono wa ndugu yangu, namwogopa, asije akanipiga mimi na akina mama na watoto. Sasa ona, huyu ni mtu wa ahadi, Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia rudi kwenu, na bado anaogopa na anasema naogopa, anamtaja ndugu yake kwa jina, halafu anamkumbusha Mungu kwamba wewe ndiye uliyesema utanitendea mema. Hakuna mahali pale Mungu anamjibu imani yako ndogo.

Basi na mimi nikaanza hivyo. Nilikua nakaa kwenye benchi la korido nje ya wodi nasema kwa sauti ya chini, Bwana namwogopa kaka, naogopa tutakuja kumzika mama tukiwa hatuongei, na hasira ninayo, ishike wewe. Sentensi mbili tatu basi, kesho yake tena. Ukiona unamkosea Mungu heshima ukiongea hivyo soma Zaburi ya 13, mistari miwili tu ya mwanzo Daudi ameuliza "hata lini" mara nne, na hayo maneno yamewekwa humo ili na sisi tuyatumie.

Na kuhusu imani yako, kwenye Marko 9 kuna mzazi kama wewe kabisa, baba mwenye kijana anayeteswa tangu utoto, anamwambia Yesu naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Yesu hakumwambia nenda kwanza ukajaze imani ndio urudi. Alimponya mtoto. Kwa hiyo wanaokupimia imani kwa kuangalia kama mume amerudi naona wanakukosea, nasema hivyo nikijua wengine wao wanakupenda.

Nisikufiche, mama hakurudi kama zamani. Anatembea kwa kushikwa na maneno yamebaki machache. Ila kuna siku tunaomba pembeni ya kitanda, mkono wake mzima umeshika kidole changu, kila nikitaja jina la mtoto wake mmoja anabana kidogo anaachia, nikafika kwa kaka mkubwa akabana hakuachia mpaka tumesema amina. Nikatoka nje nikamwandikia kaka hivyo hivyo nilivyoona, sikuongeza lawama wala mstari wa Biblia. Hakujibu. Zikapita siku, akaja mwenyewe jioni, akakaa upande ule wa mkono mzima.

Kitu kingine, Yakobo baada ya kusema amina hakukaa kusubiri. Alitenga zawadi ya wanyama, mbuzi jike 200, mabeberu 20, kondoo, ngamia, ng'ombe, punda, akawapanga kundi kundi na akaacha nafasi kati ya kundi na kundi, kwamba Esau akikutana na hili hasira ishuke kidogo, akikutana na lingine ishuke tena. Hayo mahesabu yote kayafanya mtu aliyetoka kuomba sasa hivi! Kwa hiyo wewe ukiomba kwa ajili ya kijana tafuta na daktari. Kama amezoea kunywa sana kila siku msimfungie chumbani mkafunga na kuomba aache ghafla, kuacha ghafla kunaweza kuleta kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata degedege, na watu wanakufa. Anatakiwa aachishwe akiwa anaangaliwa hospitali, na baada ya hapo apate wa kuongea naye kwa muda mrefu, wenye shida hiyo hiyo walioacha wanasaidia sana. Maombi yaende naye huko. Na mumeo kama alikua anakupiga, muombee ukiwa mahali salama, usimrudishe ndani kwa sababu tu kikundi kinasubiri ushuhuda.

Manake hata Yakobo na Esau walikumbatiana wakalia, halafu Esau akashika njia ya Seiri na Yakobo akaenda Sukothi, hawakuhamia nyumba moja. Na sisi na kaka ndivyo tulivyo, tunaongea, zamu za mama tumegawana, ila mambo ya hela tumemwachia dada yetu mdogo ashike manake sisi wawili tukiyagusa tu moto unawaka. Nilikua nataka turudi kama tulivyokua utotoni. Mungu alitupa hiki, na mama anaoga kwa wakati na anakula tukiwa wote mezani.

Hicho kikundi usikiache kwa hasira, ila mambo ya ndani ya nyumba wape watu wawili watatu wasiotoa siri, Danieli alipobanwa aliwaambia wenzake watatu tu. Na siku kijana akikubali kwenda hospitali usiende naye peke yako, mchukue mjomba wake au yeyote anayemsikiliza, na muende siku hiyo hiyo kabla hajabadili mawazo. Nawaombea wote watatu kuanzia usiku huu.