Migahawa ya Ubungo imeenda wapi

Ndugu, umeuliza kwa nini migahawa mingi jirani na stendi ya zamani ya mabasi Ubungo, Dar es Salaam, imefungwa, na kama Mbezi kuna nafasi ya kufungua mgahawa. Kilichoondoka ni abiria. Mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021, na wateja wa supu ya alfajiri wakaenda nayo. Mama ntilie niliyezoea kula kwake alihama na sufuria mbili na jiko la mkaa. Sasa chapati zinamwishia kabla ya saa mbili asubuhi, nami nimefurahi mno. Ila kodi uiangalie sana. Wenye fremu, yaani vyumba vya biashara, wengi wanataka ya miezi sita kwa mkupuo, mtu anaishiwa mtaji hata mchele hajanunua. Nenda ukakae pale siku tatu, uhesabu sahani zinazotoka.